Nyuki wa Tanga wako kwenye kila pakiti: karata za gemu ya vita zichaguliwe au zigawiwe?

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza gemu ya karata ya watu wawili, Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu, Mjerumani na Mwingereza, 1914 mpaka 1918. Kila upande una karata 60: amri 12 (zile za kusogeza majeshi) na 48 za matukio na vikosi. Pakiti ya kuchezea ni karata 40, yani amri zote 12 halafu mchezaji anajichagulia 28 anazotaka. Mkononi anashika 5, zamu ikiisha anaweka pembeni anaokota 5 zingine. Tumecheza na washkaji kama mara 15 na sasa kila mtu anachukua zilezile, Mjerumani lazima awe na Nyuki wa Tanga, ukiangalia pakiti tu unajua nani anashinda. Nikaamua kuondoa kuchagua, amri 12 zikabaki na zile 28 zikawa za kugawiwa kwa bahati. Ikawa balaa, jamaa mmoja kakaa zamu 2 hana amri hata moja, katupa karata mezani kasema hii sio vita, ni bahati nasibu. Nishike lipi? Nikitaka historia iwe ya kweli nipunguze bahati au niongeze? Na hao nyuki niwapunguze nguvu?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, manake mara 15 ni nyingi, wengi wanaoniandikia wamecheza mara 2 na mke wao kashawaambia iko poa. Nikikuelewa vizuri wasiwasi wako ni kwamba umeona milango miwili tu, huku watu wanachagua na gemu inakufa kabla haijaanza, huku wanagawiwa na gemu inakuwa ya kubahatisha, na wewe umesimama katikati hujui uingie wapi. Mi naona hiyo milango yote inaingia chumba kimoja, ngoja nikuonyeshe.

Tuanze na yule jamaa aliyetupa karata. Umelaumu kugawiwa, lakini hebu piga hesabu na mimi. Pakiti ina karata 40, amri 12, unaokota 5. Uwezekano wa kuokota 5 bila amri hata moja ni kama asilimia 15. Yani karibu mkono mmoja kati ya kila 7 ni mkono mfu. Na pakiti ya 40 ina mikono 8, kwahiyo mtu akiimaliza yote, kwa wastani anakutana na mkono mfu mara moja hivi na chenji. Mko wawili mezani, basi karibu kila mechi kuna mtu atakaa anaangalia dari. Kukosa zamu 2 mfululizo tangu mwanzo ni nadra zaidi, kama mara 3 kwa mechi 200, huyo jamaa kweli alikuwa na siku mbaya. Ila sasa angalia kitu hapo: amri zilikuwa 12 kwenye 40 hata pale mlipokuwa mnachagua wenyewe! Hesabu ni ileile kabisa, hujaongeza mkono mfu hata mmoja. Kilichobadilika ni nani wa kulaumiwa. Mtu akiwa kachagua pakiti yake mwenyewe halafu akakosa amri ananyamaza, anasema ah leo sina bahati, ukimgawia wewe anakugeukia wewe.

Kwahiyo hapa kuna bahati mbili na umezichanganya. Kuna bahati ya nini kinaingia kwenye pakiti, na kuna bahati ya nini kinatoka kwenye pakiti. Kuchagua kunagusa ile ya kwanza tu. Ya pili iko palepale hata ukimpa mtu uhuru wote wa duniani.

Sasa kuhusu kila mtu kuchukua karata zilezile. Watu wengi wanaamini ukiongeza uhuru wa kuchagua basi unaongeza ufundi. Sio hivyo moja kwa moja. Chukua bao, halina bahati hata chembe, kete 64 zote ziko wazi, na bado mafundi wawili wakikaa huwezi kusema nani anakula mpaka mwisho. Kwanini? Kwa sababu uchaguzi wa bao unafanyika mezani, kila zamu, mbele ya mpinzani anayekujibu. Uchaguzi wako wewe unafanyika nyumbani, kabla, peke yako, na mpinzani hana la kusema. Kitu cha kuchaguliwa peke yako nyumbani ni fumbo, na fumbo likishafumbuliwa limeisha. Washkaji zako walilifumbua, wala sio kosa lao, ndo akili zao zinavyofanya kazi.

Na haijakupata wewe peke yako. Kuna gemu ya Martin Wallace ya 2011 inaitwa A Few Acres of Snow, Mwingereza na Mfaransa wanagombania Amerika ya Kaskazini, pakiti yako unaijenga unavyocheza. Gemu nzuri kwelikweli. Haikuchukua muda watu wakagundua Mwingereza akiweka pakiti yake nyembamba, asiokote makaratakarata ya ziada, akatokea Halifax kwenda kupiga Louisbourg halafu akanyoosha Quebec, Mfaransa anapata tabu sana kumzuia. Wakaipa jina kabisa, Nyundo ya Halifax, na mtunzi ikabidi arudi kwenye sheria zake. Siri ya nyundo ile ni wembamba. Pakiti ikiwa ndogo bahati inakufa, karata yako nzuri unaiona kila baada ya muda mfupi, na bahati ikifa kile kitu kimoja chenye nguvu kinarudi tena na tena. Kumbuka hili kwenye zako: nakala moja kwenye karata 40 unaiona kwenye mkono wa karata 5 kwa asilimia 12 na nusu, kwenye karata 20 ni asilimia 25. Ukimruhusu mtu kupunguza pakiti umemruhusu kununua uhakika, na bei ya uhakika inatakiwa iwe kubwa.

Swali lako la historia sasa, na hapa nitakaa kidogo manake ndo penyewe. Umeuliza upunguze bahati au uongeze ili iwe ya kweli. Mi ningeuliza hivi: hiki kitu, kamanda aliamua, au kilimkuta? Kilichoamuliwa kiweke kwenye kuchagua. Kilichomkuta kiweke kwenye bahati. Ukikosea hapo utakuwa na gemu iliyosawazishwa vizuri tu lakini inadanganya.

Nyuki ndo mfano mzuri. Novemba 1914 Waingereza wanashuka Ras Kasone, pale Tanga, na watu kama 8,000, wengi wao kutoka India, Mjerumani ana kama 1,000. Wanapigwa, wanapanda meli wanaondoka, wanaacha bunduki, rashasha na risasi kama 600,000. Nyuki walikuwepo, walichokozwa na risasi porini wakauma watu, na waliuma pande zote. Lakini je, nyuki ndo walioshinda Tanga? Hapana bwana. Waingereza walituma kwanza meli kuja kuwaambia wenyeji kwamba makubaliano ya kutopigana hayapo tena, halafu wakajivuta, hawakupeleleza vizuri mbele yao, na muda wote huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, anashusha askari kwa treni ya Usambara kutoka Moshi. Hayo yote ni maamuzi! Kujivuta ni uamuzi, kutopeleleza ni uamuzi, treni ni uamuzi. Nyuki hakuna aliyewaamuru. Wewe umefanya kinyume, nyuki umewapa Mjerumani awachague kama vile ni kikosi chake cha anga, na treni, kama najua watunzi, utakuwa umeiweka kwenye karata ya pointi 1 ambayo hakuna anayeichukua.

Kwahiyo usiwapunguze nguvu nyuki, wahamishe. Watoe kwenye karata za kuchagua, wapeleke kwenye fungu la majanga, waume pande zote mbili, ila anayeshambulia porini waumize zaidi. Halafu ipandishe treni ya Usambara iwe karata ya mtu kuiwaza.

Ukipita na swali hilohilo kwenye karata zako zote 60 utashangaa zinavyojigawa zenyewe. Malaria, mvua za 1916, mbung'o waliomaliza farasi wa Smuts, jenerali wa Mwingereza, hayo ni majanga. Kurudi nyuma bila kupigana, kuvizia reli ya Uganda, kuchagua kupigana Mahiwa, hayo ni maamuzi. Meli ya kuvunja kizuizi, yani ya Mjerumani kupenya Waingereza baharini ilete silaha, ile iliyofika Manza Aprili 1915 na ile Marie iliyofika Sudi Machi 1916, hizo ziko katikati: kutumwa ni uamuzi, kufika ni majaliwa. Hapo ndo pazuri kwa dadu, moja tu.

Gawio ambalo ningeanza nalo kwa namba zako, usilichukue kama msahafu, ni hili. Zile amri 12 na karata 10 ambazo bila hizo sio vita ile (askari, wapagazi, reli ya kati, vitu hivyo) zinakuwa nguzo 22, kila mtu anazo, hakuna mjadala. Karata 24 zinakuwa za kuchagua, lakini mchezaji hazioni zote, anagawiwa 18 kwa bahati na ndani ya hizo anachagua 12. Karata 14 zilizobaki ni majanga, zinaingia 6 bila hata yeye kuziangalia. 22 na 12 na 6, arobaini yako hiyo.

Uzuri wa kugawa 18 kati ya 24 ni kwamba karata yoyote moja anaipata kwa asilimia 75, kwahiyo mtu hajanyimwa kipenzi chake, lakini mtego wa karata mbili zinazotegemeana unapatikana kama asilimia 55 tu, na wa karata tatu asilimia 40. Yani yule mshkaji mwenye pakiti yake aliyoikariri, zaidi ya nusu ya mechi mtego wake mkubwa utakuwa na pengo na itabidi afikirie upya. Bado anachagua, ila anachagua kwa alichopewa, na kamanda wa kweli ndo alikuwa hivyo, hakuna aliyepewa orodha ya vikosi vyote vya dola aweke tiki.

Kuna njia zingine na nisikufiche. Unaweza kuweka bajeti, kila karata ina bei na pakiti isizidi pointi fulani. Inafanya kazi, ila utaishi maisha yako yote unarekebisha bei, ukipandisha hii ile inakuwa tamu. Unaweza kufanya kuchagua kwa zamu, mbili mezani we chukua moja mwenzio abaki na nyingine, ni tamu sana kwa watu wa pakiti moja ya pamoja, lakini kwako kila upande una karata zake kwahiyo haikusaidii. Na ile ya kugawa 18 inakula dakika 10 kabla ya kuanza, wageni wanachoka. Kwa mgeni mwekee pakiti ya 40 iliyoshapangwa, acheze kwanza aipende.

Rudi kwenye mkono mfu sasa, manake gawio hilo peke yake halijautibu. Unaweza kuongeza amri, zikifika 16 mkono mfu unashuka mpaka asilimia 6 na nusu, zikifika 20 unabaki asilimia 2 na kitu. Lakini ukiweka amri 20 umekula nafasi ya historia yote. Dawa ambayo watu wa gemu hizi walishaigundua zamani ni karata kufanya kazi mbili. Mark Herman alipotoa We the People 1993, karata za kusogeza na karata za matukio zilikuwa mbali mbali, kama zako, na watu walilalamika kama jamaa yako, unakaa na mkono wa matukio huna cha kusogeza. Ilipokuja Hannibal 1996 kila karata ikawa na namba na tukio, uchague moja: utumie namba usogeze jeshi, au utumie tukio. Hapo hapo mkono mfu umekufa, na pia umepata uamuzi mtamu mezani, sio nyumbani, kila mara unaposhika karata nzuri inabidi uiue ili usogee. Andika 1, 2 au 3 kwenye kona ya kila karata isiyo ya janga, jaribu wiki moja tu. Gharama yake ni kwamba karata inakuwa na maandishi mengi na mtu mpya anasoma polepole, hiyo ipo, huikwepi.

Na kwa majanga, kaangalie Twilight Struggle ya 2005, gemu ya Vita Baridi, ilichofanya. Nusu ya shida yako mkononi ni matukio ya adui, ukiicheza karata yake kwa namba tukio lake linatokea tu. Lakini unachagua lini, na kuna mlango wa nyuma wa kutupa moja mbaya kwenye mashindano ya anga. Kwahiyo bahati mbaya inakukuta kwanza, halafu unaamua uimeze vipi. Hiyo ndo tofauti kubwa ya bahati kwenye gemu: bahati inayotangulia uamuzi watu wanaisamehe, inakuwa hali ya hewa, unavaa koti. Bahati inayokuja baada ya uamuzi, umeshapanga kila kitu halafu dadu linakwambia hapana, hiyo ndo inatupisha watu karata. Usiiondoe yote, vita bila hofu sio vita, ila iwe chache na iwe pale mtu alipojua anahatarisha.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho nikikaa nafikiria gemu yako kinanifurahisha kuliko vyote: pande zako mbili zisifanane kwenye bahati. Mjerumani alikuwa amezingirwa, akipoteza kitu hakirudi. Basi kila akipata hasara karata inatoka kabisa kwenye gemu, Undaunted: Normandy ya 2019 inafanya hivyo, askari akipigwa karata yake inaondoka. Mahiwa, Oktoba 1917, alishinda lakini alimaliza watu na risasi asizoweza kurudisha, mechi zako zitatoa hadithi hiyo zenyewe bila wewe kuandika neno. Ila kumbuka Nyundo, pakiti yake ikipungua inakuwa nyembamba na kali, na kwa Lettow-Vorbeck hiyo ni kweli kabisa, alivuka Ruvuma Novemba 1917 na watu wachache akasumbua mwaka mzima mpaka kujisalimisha Abercorn (Mbala, Zambia ya leo) 25 Novemba 1918. We hakikisha tu kila hasara inakula pia nguzo, wembamba usiwe zawadi tupu. Na Königsberg, meli ya kivita ya Mjerumani kule delta ya Rufiji, ikizamishwa Julai 1915 karata ya meli inatoka na zinaingia karata za mizinga yake, ilikuwa 10 na yote ilikwenda kupigana nchi kavu.

Mwingereza yeye mpe kinyume chake. Anaongezewa vikosi kila mara, lakini kila akisukuma mbali na reli anaingiza kwenye pakiti yake karata moja ya uchafu: homa, mvua, njaa, wapagazi wamekwisha. Hakuna aliyemgawia, kajiletea mwenyewe kwa kukimbia, na bado hajui itamtokea lini. Hapo umechanganya kuchagua na bahati ndani ya karata moja na mchezaji hawezi kukulaumu. Nikuombe kitu pembeni: karata ya wapagazi usiifanye namba tu. Kariakoo ya Dar na ile ya Nairobi zimeitwa hivyo kwa ajili ya hao watu, walikufa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa, mchezaji anayewatupa ovyo aone kitu kwenye karata kinachomsuta.

Hesabu za pakiti kama hizi naweza kukufanyia kwa maandishi, lakini kuna vitu havitibiki hivi. Ukitaka kujua kama sheria zako zinaeleweka tafuta watu wawili wasiokujua, wape boksi, kaa kona funga mdomo. Mi nilishawahi kukaa miezi 8 na gemu nikiamini iko safi, kumbe kila nikicheza nilikuwa naeleza sheria kwa mdomo nusu haziko kwenye karatasi, siku ya wageni wa kweli walikwama dakika ya tano. Washkaji zako wa mara 15 hawakufai tena kwa hilo, wabaki kuwa wavunjaji, wape kazi ya kutafuta nyundo. Na kama pande moja inashinda zaidi ya mechi 7 kati ya 10 na huoni kwanini, usiendelee kunitumia meseji, tafuta mtu aliyezoea gemu hizi akae mezani na wewe mechi nzima akiangalia mikono yote miwili, kuna makosa yanaonekana kwa macho tu. Kwa majina ya sehemu na vikosi nenda kwa mwalimu wa historia kabla hujapeleka kwa mchapaji, karata iliyokosewa jina la mji hairudi.

Kwa sasa usichape kitu. Kata karatasi, andika kwa kalamu, ingiza kwenye mifuko ya plastiki nyuma ya karata za kawaida. Anza na mabadiliko mawili tu, namba kwenye kona na nyuki kwenye majanga, cheza mara 5, gawio la 18 lije baadaye. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kipi kilitibu. Na kwenye hizo mechi 5 niandikie karata gani watu waliishika mpaka mwisho bila kuicheza, hiyo ndo ninayotaka kuiona.